Sentensi ya Kumkatalia Mfadhili

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu mlioanza kufunga Linux kwenye kompyuta kwa CD za kuazimana, dada na kaka mliokuja na basi la usiku kutoka Arua, Gulu na Kasese, na wageni wetu wa Eldoret, Mwanza na Bunia: habari za asubuhi. Nimepewa dakika ishirini, na swali nililopewa ni moja. Je, jumuiya ya programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma na kuzibadilisha, inafaidika kwa kuwa na tamko rasmi la dhamira, au tamko hilo ni pambo la ukutani?

Nianze na ukuta wenyewe, maana hapa Kampala kuta hizo tunazijua. Panda ngazi za jengo lolote la ofisi kule Ntinda au Bukoto, na pale mapokezi utakuta fremu: dira, dhamira, maadili. Maneno ni yale yale, ubora, uwazi, ubunifu, uwezeshaji. Mtu akiingia usiku akabadilisha fremu ya ghorofa ya pili na ya ghorofa ya nne, asubuhi hakuna atakayegundua. Maandishi yale yalikuwa na msomaji mmoja tu, yule anayepitia maombi ya fedha, naye alishayasoma zamani, akatia tiki, akafungua faili jingine. Kwa hiyo kijana wa programu akisikia mtu anataja dhamira, anakunja uso. Simlaumu.

Pamoja na hayo, msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mwenye kubisha aanze kujipanga. Tamko la dhamira lina faida pale tu linapoweza kutumika kukataa jambo. Na wa kulitumia asiwe mwanzilishi, kwa sababu mwanzilishi ana mdomo wake na watu watamsikiliza. Awe ni mtu aliyejiunga muhula uliopita, hana cheo, hana jina, na anayemwomba jambo ana pesa.

Wanaopinga wana hoja nzito, na hoja yao kubwa ni Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi kule Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa Minix, mfumo mdogo wa kufundishia, kwamba anatengeneza mfumo wa uendeshaji, kwamba ni jambo la kujifurahisha tu, na kwamba halitakuwa kubwa wala la kitaalamu kama GNU, mradi wa mfumo huria uliomtangulia. Utafute dhamira humo uniambie umeipata wapi. GNU ndiyo iliyokuwa na ilani. Mwanzilishi wake, Richard Stallman, aliutangaza mradi Septemba 1983, na mwaka 1985 akachapisha ilani iliyoeleza kwa kirefu kwa nini programu ziwe huru. Kiini cha mfumo wao, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoamuru vifaa vya kompyuta, kinaitwa Hurd; kilianza kuandikwa 1990, na mpaka leo hakijafika toleo la 1.0. Kile kiini cha kujifurahisha, Linux, kimo ndani ya kila simu ya Android iliyomo ukumbini humu. Ukiishia hapo, mjadala umekwisha na sote twende tukanywe chai.

Ila ukiichimba hoja hiyo unakuta chini kuna kitu kingine. Mwaka 1992 Torvalds aliiweka Linux chini ya leseni ya GPL, inayodai programu na mabadiliko yake vibaki huru, na GPL ni mtoto wa ilani ile ile. Msimbo, yaani maandishi ya programu, aliugeuza kuwa programu inayoendeshwa kwa GCC, chombo cha GNU. Mradi usiokuwa na dhamira ulikuwa umeazima ya jirani, ikiwa tayari imeshageuzwa kuwa kitu ambacho mwanasheria anaweza kukishika. Isitoshe, Linux ina kanuni moja ambayo kila mchangiaji anaijua: badiliko kwenye kiini lisivunje programu zilizokuwa zikifanya kazi kwa watumiaji. Ukiivunja, utakemewa mbele ya dunia nzima. Na mkemeaji yupo, yuko pale pale kwa zaidi ya miaka thelathini.

Sisi hatuna Torvalds. Tuna wanafunzi. Mwaka wa pili anajiunga, mwaka wa tatu anakuwa mtunzaji wa mradi, mwaka wa nne anapata kazi benki, na baada ya hapo ukimpigia simu anakwambia, "Ndugu yangu, wikiendi hii nitaangalia." Kila miaka mitatu jumuiya nzima inakuwa ya watu wapya. Yale tuliyokubaliana kwa mdomo pale Wandegeya juu ya sahani ya rolex, ile chapati ya mayai, huondoka na waliokuwepo.

Nitoe mfano wa karibu. Nimeshiriki katika mradi wa programu ya vikundi vya kuweka na kukopa. Mnavijua: wanawake ishirini na kitu chini ya mwembe, sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Programu yetu ilikuwa inasaidia katibu kuandika nani ameweka hisa ngapi na nani anadaiwa. Akaja mfadhili, simtaji, mwenye nia njema kabisa, akiwa na fedha za kulipa wasanidi. Pamoja na fedha likaja ombi la kuunganisha msimbo, yaani msimbo wake uongezwe kwenye programu yetu. Lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko msimbo wetu wenyewe, majaribio yote yamepita, kijani juu mpaka chini. Kazi yake: kila Ijumaa, programu ikipata mtandao, ipeleke namba za simu za wanachama na salio la kila mmoja kwenye seva ya mfadhili, kwa ajili ya tathmini.

Wiki ile zamu ya kukagua msimbo ilikuwa ya binti wa mwaka wa pili. Mwanzilishi mmoja alikuwa safarini kikazi Kigali, wa pili simu imezimwa. Kwenye faili la maelezo la mradi kulikuwa na sentensi iliyoandikwa kabla huyu binti hajamaliza sekondari: kumbukumbu za kikundi ni mali ya kikundi, na programu hii haitazipeleka popote mpaka wanakikundi wenyewe wabonyeze. Akainakili sentensi hiyo, akaibandika kwenye maoni, akaongeza mistari miwili ya shukrani, akalifunga ombi.

Mfadhili aliwaandikia wazee wa mradi. Wazee nao wangesema nini? Sentensi ilikuwepo kabla ya fedha. Baada ya mazungumzo marefu walikubaliana jambo la katikati: jumla za kikundi bila majina wala namba za simu, na anayezituma awe katibu, kwa hiari yake. Awamu ya pili ya fedha haikuja, na pengo lake tulilihisi. Mtu ataniambia kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Ni kweli, na ni sheria nzuri. Lakini sheria unaipeleka mahakamani na wakili, na sentensi unaibandika kwenye maoni jioni ile ile, ukiwa na bando la shilingi elfu moja.

Sasa twende Debian, mfumo wa uendeshaji unaojengwa na watu wa kujitolea juu ya Linux, kwa sababu huko jambo hili limejaribiwa kwa muda mrefu na mbele ya macho ya watu wote. Ian Murdock aliuanzisha mradi huo Agosti 1993. Aliandika ilani, ndiyo, lakini hati ninayoitaka mimi ilikuja 1997, miaka minne baadaye, mradi ukiwa umeshapata watu wa kutosha kugombana. Bruce Perens alisimamia rasimu, wakaijadili kwa barua pepe kwa takriban mwezi mzima, Julai wakaipitisha. Ni Mkataba wa Kijamii wa Debian, wenye vipengele vitano tu. Cha kwanza kinasema Debian itabaki huria kwa asilimia 100. Cha tatu kinasema hatutaficha matatizo. Cha nne kinasema vipaumbele vyetu ni watumiaji wetu na programu huria. Pamoja na mkataba kulikuwa na mwongozo wa kupima kama programu ni huria au la, na mwaka uliofuata, 1998, mwongozo huo ndio uliochukuliwa, ukarekebishwa kidogo, ukawa fasili rasmi ya programu huria inayotumiwa na dunia nzima. Watu waliokuwa wanatafuta namna ya kuamua kifurushi kipi cha programu kiingie na kipi kitoke waliishia kuipa dunia kipimo.

Tazameni kipengele cha nne. Vipaumbele ni viwili, na hakisemi kipi kinatangulia. Kuna watu wamekicheka kwa sababu hiyo. Mimi naona ndicho kipengele kilichoandikwa kwa akili kuliko vyote, au basi kwa bahati kuliko vyote.

Mwaka 2004 walipiga kura ya kusafisha maneno ya mkataba. Kura yenyewe iliitwa ya kiuhariri tu, na ndugu zangu, mkisikia mtu anasema mabadiliko ni ya kiuhariri tu, kaeni macho. Ilipopita, msimamizi wa toleo aliyasoma maneno mapya akasema: kwa maandishi haya, nyaraka na programu za vifaa (firmware, zile zinazowezesha kifaa kama Wi-Fi kufanya kazi) zisizo huria lazima zitolewe kabla toleo halijatoka. Toleo lililokuwa likisubiriwa, Sarge, likakwama. Ikabidi wapige kura nyingine ya kuahirisha utekelezaji mpaka Sarge litoke, nalo likatoka Juni 2005. Maneno machache yaliyobadilishwa kwenye karatasi yalisimamisha mfumo mzima wa uendeshaji. Unaweza kusema huo ni upumbavu. Unaweza pia kusema ni jumuiya ambayo haikuthubutu kuandika kitu kimoja na kufanya kingine.

Kisha likaja la Wi-Fi. Mliowahi kusimamia siku za kufunga Linux vyuoni mnalijua hili kwa uchungu. Mwanafunzi analeta laptopu iliyotumika, aliyoipata kwa bei nafuu katikati ya mji. Unachomeka flashi, kisakinishi, yaani programu ya kufunga mfumo, kinaanza vizuri, kinafika hatua ya mtandao, kinasimama: kinataka faili ambalo jina lake linaanza na iwlwifi, na faili hilo halimo, kwa sababu si huria. Kebo ya mtandao hakuna. Unachomeka simu yako kwa USB, unampa data yako mwenyewe, huku foleni nyuma yako inarefuka. Kisakinishi chenye mafaili hayo kilikuwepo muda wote, lakini kilikuwa si rasmi na kimewekwa pembeni, mahali ambapo mgeni hawezi kufika bila kuelekezwa.

Hapo vipaumbele viwili vya kipengele cha nne vikakutana uso kwa uso. Mtumiaji anataka kompyuta yake iwake. Programu huria inataka faili lile lisiingie. Mwaka 2022 Debian walipiga kura. Kubadilisha mkataba kunahitaji kura tatu za ndiyo kwa kila moja ya hapana, na zilipatikana. Wakaongeza maneno kwenye kipengele cha tano kuruhusu kisakinishi rasmi kubeba programu hizo za vifaa, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ikaja nazo. Sikilizeni kilichotokea: wangeweza kunyamaza na kuyaingiza mafaili kimyakimya, kila mtu angeshukuru. Badala yake waliufungua mkataba, wakagombana hadharani, wakaubadilisha, na sasa yeyote anaweza kusoma kilichobadilishwa na lini. Hiyo ndiyo kazi ninayoitarajia kutoka kwa tamko.

Sasa tuone upande wa pili, maneno mazuri yasiyo na meno. Februari 2018 kampuni ya Elastic iliahidi hadharani kwamba leseni huria ya Apache 2.0 ya msimbo wa Elasticsearch, programu yao ya kutafuta ndani ya data, haitabadilishwa kamwe. Januari 2021 ikabadilishwa kuwa leseni zisizo huria. Kampuni ilikuwa na sababu zake, Amazon walikuwa wakiuza huduma iliyojengwa juu ya kazi hiyo, na anayeendesha biashara anaweza kuwaelewa. Amazon nao wakachukua msimbo wa mwisho wa leseni ya zamani, wakaanzisha mradi wao, OpenSearch. Mwaka 2024 Elastic wakarudisha leseni huria, AGPL, kama chaguo mojawapo. Katika mzunguko wote huo mchangiaji wa kawaida, aliyekuwa akirekebisha makosa usiku kwa imani ya ile ahadi, hakuwa na mahali pa kupiga kura. Debian walikuwa na mkataba na sanduku la kura. Elastic walikuwa na ahadi, na mwenye ahadi alikuwa ndiye mwenye kalamu.

Kwa hiyo mtu akiniambia tuandike dhamira kwanza, utaratibu wa kuamua utafuata, namwambia ageuze. Steji ya boda ya mtaani kwenu haina dhamira iliyoandikwa, lakini ina mwenyekiti, ina daftari la wanachama, na aliyemrukia mwenzake foleni anajua anashtakiwa kwa nani. Watu wa Python, lugha ya kuandikia programu, waliishi miaka mingi wakimtegemea mwanzilishi wao, Guido van Rossum, kwa neno la mwisho. Julai 2018 alipojiuzulu, hawakukaa kutunga maneno ya kuvutia. Walikaa kuamua nani ataamua, na mwanzoni mwa 2019 wakachagua baraza la watu watano.

Wala tamko halilipi mishahara. OpenSSL, programu huria ya kuficha mawasiliano yasisomwe njiani, ililinda sehemu kubwa ya intaneti, na mwaka 2014 kasoro ya Heartbleed ilipofichuka ndipo watu wakajua mradi ule ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Hakuna sentensi ambayo ingeziba pengo hilo. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, wana ilani nzuri tangu 2007, na Agosti 2020 walipunguza wafanyakazi wapatao 250. Lakini kwa Mozilla nitasita kidogo, kwa sababu ilani hiyo imetugusa sisi hapa. Mwaka 2017 walianzisha Common Voice, mradi wa kukusanya sauti za watu wa kawaida wakisoma sentensi, na leo humo kuna Kiganda na kuna Kiswahili, vyote vya kupakua bure. Mfanyabiashara wa kivinjari hana hesabu yoyote inayomwambia atumie fedha kukusanya sauti ya mama wa Masaka. Ilani inayosema intaneti ni rasilimali ya wote ndiyo iliyompa mtu fulani ofisini nguvu ya kusema hili nalo ni kazi yetu. Nakubali, basi, kwamba kukataa si kazi yake peke yake.

Na kwenye vituo vyetu vya afya, UgandaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, imejengwa juu ya OpenMRS, mradi huria ulioanza 2004 na kuota mizizi mapema hapo jirani, Eldoret. Dhamira ya OpenMRS inataja wazi mazingira yenye rasilimali chache. Ukikaa na watu wa mradi ule, maneno hayo hayabaki ukutani. Mtu akija na kipengele kinachodhani kwamba zahanati ina mtandao saa zote, ataulizwa swali kabla hajakaa.

Sasa nije kwenye rasimu ya tamko letu iliyomo kwenye bahasha zenu. Ina aya saba. Imeandikwa Kiingereza, ingawa ugomvi wote ulioizaa jana usiku ulikuwa wa Kiswahili na Kiganda. Baraza la Mawaziri liliridhia Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Sisi tukisubiri wanafunzi hao wakue ndipo tuandike lugha tunayogombania, tutangoja sana. Naomba itafsiriwe kabla ya kura, na tupigie kura ile ambayo watu wote humu wataielewa vizuri kiasi cha kuikataa.

Nimeipima kila aya kwa swali moja: je, kuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kutaka kinyume chake? Aya ya kwanza inasema tutawezesha vijana kupitia teknolojia bunifu. Nani anataka kutowawezesha? Itoke. Ya pili, kukuza ubora. Itoke. Ya tatu na ya nne ni ndugu wa hizo. Ya tano inasema programu zetu zitafanya kazi bila intaneti na kuoanisha data baadaye mtandao ukipatikana. Hiyo ina uzito, kwa sababu wapo watu wazuri wanaotaka kinyume chake, na wana hoja: kuweka kila kitu kwenye seva moja ni rahisi kutunza na ni nafuu kwa msanidi. Wanaokumbuka Januari 2021, intaneti ilipozimwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, wana hoja pia. Hapo pana la kupigia kura. Ya sita, ya data ya watumiaji, naiunga mkono kwa sababu nilizokwisha kueleza, ila neno "ipasavyo" liondolewe. Neno hilo ni mlango wa nyuma, na wa kuutumia atapatikana.

Ya saba haipo. Namaanisha namba iko, chini yake hakuna kitu, kamati ilichoka. Hapo ndipo panapotakiwa kuandikwa ni watu wangapi wanaweza kubadilisha hizi nyingine, kwa kura gani, na baada ya notisi ya siku ngapi. Mimi napendekeza theluthi mbili ya wachangiaji waliounganishiwa msimbo, tafsiri au nyaraka ndani ya miezi kumi na miwili, na notisi ya mwezi mmoja. Bwana katibu tayari ananitikisia kichwa kwamba theluthi mbili ni nyingi mno. Tutabishana. Kikao kinarudi saa nane kamili, na mwenye pendekezo jingine la aya ya saba alipeleke kwa maandishi mezani kwa katibu kabla ya chakula, kwa lugha yoyote anayoiweza.